Shikamoo kwa Mdoli

Tulimwita Madamu Bandeji kwa sababu akikushika hakuachii. Ni mkufunzi wa chumba cha mazoezi katika chuo chetu cha uuguzi, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Ukimwambia unaacha masomo atakujibu, "Kaa hapo kwanza, mwanangu."

Mimi nusura niache kwa ajili ya mdoli. Chumbani mle kuna vitanda, na juu yake midoli ya plastiki inayojifanya wagonjwa. Kwenye mtihani unatakiwa umwamkie, ujitambulishe, umwombe ruhusa, ndipo umguse. Sasa jamani, mtu mzima na akili zangu, niiambie plastiki pole? Ulimi uligoma. Nilifunga kidonda vizuri, kimya kama nafunga kifurushi, nikafeli. Nikifeli tena naondolewa chuo, na mama alishatangazia majirani kwamba ana nesi nyumbani.

Madamu hakunihubiria. Alivua viatu, akamsukuma mdoli pembeni, akapanda kitandani na kujifunika shuka. "Haya. Mimi ni bibi mgonjwa, mguu unaniuma, na sikupendi."

Basi ikawa ndiyo kazi yetu kila baada ya vipindi. Nikikaa kimya, ananirushia mto. Nikimgusa bila ruhusa, anapiga mayowe mpaka wapishi wanachungulia. Alinikera, siwafichi, kuna siku nilitamani kumfunga bandeji mdomoni. Mwisho uzalendo ukanishinda.

"Bibi, tulia. Nikimaliza utanitukana vizuri."

Alicheka mpaka kitanda kikalia. Akamrudisha mdoli mahali pake, akamfunga kilemba chake mwenyewe. "Kuanzia leo, huyu ndiye mimi."

Siku ya mtihani msimamizi alikuwa mgeni, mzee amekunja uso, kakaa upande wa kichwani mwa kitanda. Mdoli hana kilemba. Nikavuta pumzi, nikaushika ule mkono wa plastiki.

"Shikamoo, bibi. Mimi ndiye muuguzi wako leo. Najua hunipendi, lakini naomba nikusafishe kidonda. Utaniruhusu?"

"Marahaba, mwanangu. Endelea tu," ilijibu sauti nzito.

Alikuwa msimamizi. Aliduwaa, akakohoa, akainamia karatasi zake.

Nilifaulu, na mama akatangaza upya, safari hii mtaa wa pili nao ukasikia. Nilipokwenda kumshukuru Madamu Bandeji, nilikuta viatu vyake chini ya kitanda, na mwanafunzi mwingine anarushiwa mto.