Risasi Iliyokataa Kulia

Enzi zetu pale Crystal, kitongoji cha ughaibuni tulikohamia, vuli ikiingia, nyumba yetu ilinuka sombe, majani ya muhogo, kutoka jikoni na mafuta ya bunduki kutoka chumba cha chini. Ninyi mliokulia Phillips, mjini kati, mtacheka, lakini Papa alifundishwa kuwinda paa na mwenzake wa kiwandani, mwisho akawa anajaza risasi zake mwenyewe. Nilipenda kumtazama akipima baruti kwenye kimizani, punje kwa punje, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. "Baruti haina huruma," alizoea kusema. "Ukizidisha inakuua wewe, ukipunguza inamtesa mnyama."

Mama hakushuka kule chini hata siku moja. Bunduki alizozisikia kwetu Kivu zilimtosha. Katika kukimbia vita alimpoteza kaka yetu wa kwanza, Espoir, akiwa bado mdogo, kabla mimi sijazaliwa.

Jumamosi moja, msimu wa kuwinda ukikaribia, tulienda shambani kwa yule mwenzake Papa, kaskazini ya mji, kujaribu risasi mpya. Mama alifuata maboga aliyoahidiwa. Tulipofika alibaki garini, vioo juu.

Papa alilaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Mimi nilishika darubini. Risasi za kwanza zilitoboa karatasi ya shabaha karibu karibu, mashimo yote ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Papa akacheka kwa furaha. Kisha ukungu ukaanza kupanda kutoka bwawani, mweupe, bila upepo.

"Bado naiona karatasi," akasema, akavuta kifyatulio.

Tik. Basi.

"Usisogee," akaninong'oneza. "Inaweza kuchelewa kulipuka."

Tukangoja, mtutu ukielekea kule kule. Hata kunguru walinyamaza. Niliinua darubini, nikaona kitenge cha njano. Mama alikuwa amesimama mbele ya karatasi, ametupa mgongo, mkono ameunyoosha kama anayemshika mtu.

"Papa! Mama yuko pale!"

Taratibu aliuelekeza mtutu ardhini. Akaita, "Mama Espoir!" Mama hakugeuka. Tulingoja mpaka Papa akaweza kuitoa ile risasi, ndipo tukakimbia.

Mama alikuwa mtulivu kabisa. "Mbona mumemuacha mtoto huku peke yake?"

"Mtoto gani?"

"Aliniita. 'Mama, niko huku.' Kiswahili cha kwetu." Akanitazama. "Si huyu. Wa kiume."

Papa alivua koti akamfunika. Nyumbani aliifungua ile risasi. Fataki, ile ya kitakoni inayowasha baruti, ilikuwa imegongwa sawasawa, baruti imejaa, kavu. "Haina kosa," akasema. "Ilipaswa kulia."

Siku hizi Papa hununua risasi dukani, na wadogo zangu wanaua watu mia kwenye michezo ya skrini kabla ya chakula, masikio wameyaziba kwa vipokea sauti. Mama akiwaita kwa Kiswahili wanajibu, "In a minute, Mom," na hiyo dakika huwa saa nzima. Sisi tuliogopa ukungu, lakini tuliogopa pamoja: siku ile tulirudi garini Papa amemshika Mama mkono mmoja, mimi wa pili. Sasa nimehamia Saint Louis Park, kitongoji kingine, kila mtu na mlango wake. Papa ananiambia kwamba asubuhi za ukungu Mama hufungua mlango wa nyuma kidogo tu, akasimama pale na nguo za kulalia, akisikiliza.