Mililita Mia za Mshono

Saa nne asubuhi, fundi cherehani mmoja aliingia kwenye duka la vyombo vya umeme. Majirani walimwita Mama Futi, kwa kuwa ile futi yake ya kupimia haikubanduka shingoni hata akienda msibani.

"Nataka mashine ya kutengeneza barafu, ile ndogo ya mezani," alisema, kwa sauti ya mtu anayeulizia sindano.

Muuzaji, mama mmoja mwenye maneno mengi kuliko bidhaa zake, alimchangamkia. "Umefika, dada yangu! Ya sherehe au ya biashara?"

"Ya mgonjwa."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mumewe, mpaka rangi wa nyumba, ambaye figo zake zilikataa kazi. Alisafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, na kwa kuwa mkojo haukutoka tena, kila alichokunywa kilibaki mwilini. Daktari alimruhusu nusu lita kwa siku, yaani mililita mia tano, basi. Ikizidi, maji yanapanda mapafuni. Nusu lita, jamani! Wewe na mimi tunaimaliza kabla hatujafunga bomba. Muuguzi akawashauri wajaribu barafu, maana kipande kikimumunywa taratibu kinatuliza kiu kuliko funda la maji. Lakini friji walikwisha kuliuza, walipohamia chumba kimoja karibu na hospitali.

Usidhani Mama Futi alikuwa na roho ngumu. Alikuwa amekufa ganzi tu. Mwaka mmoja na miezi miwili alishona, akapika, akapima maji ya mumewe, akalala, wala hakuhisi kitu. Mtu akimpa pole alijibu "asante" kama anayepokea chenji.

Alifungua mkoba, akatoa karatasi ya kaki aliyoikata vizuri kama kiolezo cha gauni, akaitandaza juu ya kaunta. "Nafasi niliyo nayo ni hii. Pembeni ya cherehani, mbele ya kitanda."

Makubwa! Muuzaji alikuwa hajawahi kuona mteja anayekuja na meza yake imekunjwa mkobani. Aliweka mashine ya kwanza juu ya karatasi. Ikaipita karatasi pande zote. Ya pili, nyembamba, ikakaa vizuri.

"Ila iachie vidole vinne kila upande ipate kupumua," muuzaji alisema. "Inatoa joto hii."

"Nimeshaacha. Karatasi nimeipunguza."

"Wewe kiboko! Sasa sikiliza nikuambie ukweli: hii haigandishi kama friji. Barafu usipoitumia inayeyuka, maji yanarudi tangini, inatengeneza tena. Na inanguruma kidogo."

"Kipande kimoja kikiyeyuka kinatoa maji kiasi gani?"

Muuzaji alitafuta kwenye boksi, halikuandikwa. Mama Futi akatoa bomba la sindano, lile la plastiki lenye mistari, akaomba mashine iwashwe. Baada ya dakika kumi vipande vilianguka. Waliyeyusha kimoja kwenye kikombe kilichopigwa na jua dirishani, wakasubiri, wakavuta maji kwa bomba: mililita nane.

"Anaruhusiwa ngapi kwa siku?" muuzaji aliuliza.

"Mia tano. Mimi nampa mia nne."

"Hiyo mia moja inakwenda wapi?"

"Ya mshono," alijibu. Akaona hajaeleweka. "Nguo huikati sawasawa na kipimo. Unaacha ya ziada, ukikosea usiharibu. Nami naacha mia, nikikosea nisimuue."

Muuzaji hakucheka. "Dada yangu, hospitalini uliwauliza?"

Hakuwauliza. Angewauliza ya nini, na jambo lenyewe alilijua tangu aliposhika mkasi? Alimpigia muuguzi palepale kaunta.

"Mama, mia tano ni mia tano," muuguzi alisema. "Ya tahadhari tulishaipunguza sisi wenyewe. Kwani unampa ngapi?"

Mama Futi alikata simu. Alilipia ile nyembamba, akaibeba mwenyewe hadi nyumbani. Njia nzima alijaribu kuona uchungu kwa kosa lake, akashindwa. Alichoona ni kwamba mkono unauma.

Mumewe alikuwa amekaa kitandani, midomo imekauka hadi imepasuka. Mama Futi aliweka mashine mahali pake, akatia maji, akawasha. Ikanguruma.

"Chumba kimepata mpangaji," mume alisema, "na anakoroma kuliko mimi."

Mama Futi alisubiri barafu ianguke. Alihesabu vipande kumi na viwili, akavitia kwenye bakuli, akampa.

"Na hii ni juu ya maji yangu ya leo? Kuna sikukuu gani?"

"Ni haki yako," alisema. "Daktari alisema mia tano. Mimi nikawa nakupa mia nne, kila siku, tangu mwanzo. Nilidhani ulikuwa umelala aliposema."

Mume alitia kipande kimoja mdomoni, akafumba macho. Mashavu yaliingia ndani. Alikimumunya mpaka kikaisha.

"Nilimsikia," alisema. "Zilizokufa ni figo, mke wangu. Masikio mazima."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nilikuona unavyopima. Unainama, unafumba jicho moja, unarudisha tone. Nikajua hiyo mia moja ndiyo inayokulaza usingizi. Nikasema basi, alale."

Mama Futi alikaa sakafuni. Kilio kilimtoka kwa sauti kubwa, cha mwaka mzima na miezi yake, hadi jirani akagonga ukuta kuuliza kulikoni.

"Si kitu, jirani!" mume alijibu kwa sauti yake kavu, huku akimshika mkewe kichwa. "Tumenunua mashine tu."