Siku Niliyompandisha Mama Boti

Daktari alinivuta kando, mama akiwa bado chumbani anajifunga buibui, akaniambia ugonjwa umeshasambaa na hakuna la kufanya ila kumrudisha nyumbani. Kaka zangu, hodari wa kutoa amri kwa simu, wakakata shauri kwamba mama asiambiwe neno. Ndivyo tulivyo sisi, mgonjwa hatajiwi ugonjwa wake. Basi siri ikabaki kwangu, binti, niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja hapa Garissa. Siku moja kabla ya kumsafirisha kwenda kwao Tarbaj, nchi kame isiyo na mto, nikampeleka mtoni.

Boti lenyewe halikuwa la kifahari: turubai juu, viti vya plastiki, injini inayokohoa. Hutembeza watu Mto Tana tangu asubuhi hadi alasiri. Mama alikulia nyuma ya ngamia, hajapata kukanyaga chombo cha majini. Alipovishwa jaketi la kuokolea alijitazama, akaniuliza kwa Kisomali kama ameajiriwa trafiki. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakakataa kukoma, nikasingizia vumbi.

Tuliteremka taratibu. Migomba ilipita, wanawake wakifua, mamba akiota jua kwenye mchanga. Vijana waliokaa mbele walijipiga picha bila kuchoka. Macho ya mama yalikuwa kwenye maji tu. Akamgeukia nahodha, akajikaza kwa Kiswahili chake:

"Hii maji naenda wabi?"

"Baharini, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Na hakuna mtu nashika?"

"Hakuna."

Mama akatikisa kichwa. "Watu ya huku iko na raha sana," akasema, na nahodha akacheka.

Mimi sikuweza kustarehe. Kila aliponigeukia niliogopa ataniuliza daktari alisema nini. Uongo nilikuwa nao tayari, vidonda vya tumbo, lakini mama hunisoma usoni tangu nikiwa mtoto. Nikawa namtilia chai ya maziwa ya ngamia kutoka kwenye chupa, kikombe juu ya kikombe, ili mdomo wake usipate nafasi. Akanywa kwa kunihurumia.

Alasiri boti liligeuka kurudi. Vijana walikuwa wamesinzia. Mama akanishika mkono.

"Hooyo," akaniita. Kwetu mama humwita mwanawe kwa neno lile lile analoitwa yeye. "Kama niliwahi kukukosea, nisamehe."

Maneno hayo ni ya mtu anayeaga.

"Tarbaj si mbali, hooyo," nikasema. "Nitakuja Idi."

"Sikuagi kwa ajili ya Tarbaj." Sauti yake haikutetemeka. "Kaka zako waache wafikiri sijui. Wakijua kwamba najua, hawatalala."

Halafu akasubiri. Anayeombwa samahani sharti ajibu, nami niliona kwamba nikijibu nitakuwa nimempa ruhusa ya kwenda. Nilimkasirikia kwa kunitwika mzigo huo mbele za watu, mchana kweupe. Nikaangalia ukingo wa mto. Nahodha alikuwa ameshapunguza injini, na watu wameanza kusimama.

"Sema, hooyo. Tunafika."

"Nimekusamehe," nikasema, mimi ambaye nilitafuta kosa lake maisha mazima nisilione.