Sanduku la Malalamiko Nililolijaza Mwenyewe

Jamani, nasikia aibu ikisimuliwa mara nyingi inapungua makali, basi hii nimeshaisimulia mara kumi na bado nikifika pale kwenye sabuni masikio yananiwaka moto.

Mimi naitwa Donatien, na katika shirika letu dogo hapa Likasi kazi yangu ni kupokea malalamiko ya watu tunaowasaidia. Tunaweka pampu za maji, tunagawa sabuni, tunafundisha usafi, na mtu akiwa na neno juu yetu analiandika kwenye karatasi na kulitumbukiza katika sanduku la chuma lililofungwa ukutani kwenye ofisi yetu ya Kikula. Mtunza ufunguo ni mimi. Sasa ule ufunguo ulinipotea msimu wa mvua (msiniulize wapi, ningejua ungekuwa umepotea?), nikaona haya kusema, nikajiambia wiki ijayo nitavunja kufuli na kununua jingine, na wiki ijayo ikawa mwezi, na mwezi ukawa miezi saba. Kila mwisho wa mwezi nikaandika kwenye ripoti: malalamiko, hakuna. Bosi wetu, Mama Régine, akawa ananisifu kikaoni kwamba watu wa Kikula wanatupenda kweli.

Ikaja barua kwamba mkaguzi anatoka Lubumbashi kupima kama tunafuata viwango: je, watu tunaowahudumia wanaheshimiwa, wanasikilizwa, wanajibiwa? Tukifaulu, tunapata pampu nyingine. Tukianguka, mikataba yetu sisi wafanyakazi sita inaishia hapo, na mimi nina watoto wanne wanaosoma Mulungwishi. Mama Régine akatuambia kwamba shirika lisilolalamikiwa hata mara moja linatiliwa shaka, kisha akanigeukia na kuniuliza kama sandukuni kuna chochote. Hapo ndipo ningesema ukweli, ningepata karipio la dakika tano na mambo yangeisha. Mimi nikajibu, "Yapo machache, mama."

Basi jioni nikaketi mezani kwangu nikayatengeneza hayo machache. Niliandika kumi na mawili, mengine kwa mkono wa kushoto, na nilichagua malalamiko mepesi yasiyomuumiza mtu wala kututia hatarini, na ili yaonekane ya kweli nikaweka majina, ambayo niliyatoa kwenye orodha yetu ya ugawaji bila kuangalia sana ni ya nani (nilijiona mjanja, mke wangu akapita akaniuliza nacheka nini). Asubuhi nikajifanya nalipangusa sanduku vumbi, nikayasukuma yote ndani.

Mkaguzi alikuwa mama mpole, Madame Solange, wa sauti ya chini, na hao ndio wa kuogopwa. Akaketi na akina mama kama arobaini pale uani, akawauliza wakiwa na shida wanafanyaje, wakasema wanaandika na kuweka sandukuni. Akawauliza kama wanajibiwa. Wakatazamana. Akasema basi lifunguliwe hapo hapo mbele ya wote, na mimi nikaanza kujipapasa mifuko, wa shati, wa suruali, nikarudi tena wa shati, mpaka nikasema ufunguo nimeusahau nyumbani. Akasema atasubiri, na akanywa maji.

Nilizunguka nyumba mbili tatu nikarudi na Papa Kalenga, fundi wa baiskeli, na nyundo yake. Alipiga mara moja tu, kufuli likaanguka, akaliokota, akaligeuza mkononi na kusema kwa sauti ya kutosha uani mzima, "Hii kufuli iko na kutu mpaka ndani. Hakuna mutu aliifungula siku mingi." Mama Régine hakunitazama. Ningependa angenitazama.

Madame Solange akachukua karatasi ya juu, akaisoma: chai ya siku ya mafunzo ilikuwa baridi, Mama Mujinga. Sasa ninyi mnajua kwetu hapa mtu anaweza kulalamikia serikali, mume wake, hata padri, lakini chakula ulichopewa ukakimaliza hukilalamikii, hiyo ni kumvua mwenzako nguo hadharani. Na aliyepika chai ile ni Mama Kisimba, na Mama Kisimba na Mama Mujinga walikuwa wameketi benchi moja, bega kwa bega, maana ni majirani wa miaka.

Mama Kisimba akageuka polepole. "Weye, Mujinga? Ulikunwa chai vikombe mbili, njo unaniandika?"

"Minye? Minye sijue kuandika, na weye unajua. Nani alinitia jina?"

Wakaanza, na wengine wakaingia upande huu na upande ule, mmoja akakumbuka sukari haikutosha, na Madame Solange, kwa kutaka kutuliza, akasoma karatasi ya pili. Sabuni mliyotupatia mwezi uliopita ina harufu kali mno, Ilunga Kasongo.

Vichwa vyote vikageuka. Huyo Ilunga aliondoka kwenda Kakanda kuchimba madini, yapata mwaka, na simu yake haiiti, lakini kwenye orodha yetu jina lilibaki lake na sabuni huchukuliwa na mke wake. Mke wake alikuwa mstari wa mbele. Alisimama, akauliza mwezi uliopita ndio upi, akaambiwa, na uso wake ukawa na hasira na kitu kingine ambacho kwanza sikukielewa.

"Kumbe iko hapa Likasi," akasema. "Anaogea sabuni kwa nani?"

Akakaza kitenge kiunoni. Wenzake watatu wakasimama naye, tayari wanataja nyumba za kuanzia, na jina la kwanza lililotajwa ni la mjane mmoja mcha Mungu anayeimba kwaya. Nikaona nikikaa kimya dakika moja zaidi mtu atapigwa kwa ajili ya sabuni isiyonuka. Nikasimama nikasema ni mimi. Chai ni mimi, sabuni ni mimi, zote kumi na mbili ni mimi.

Watu walicheka, tena kicheko cha kukalia chini, Mama Kisimba na Mama Mujinga wakashikana mikono wakilia machozi. Mke wa Ilunga, Mama Ilunga tunavyomwita, peke yake hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Basi bwana yangu haikurudia?" Nikasema hapana, mama, sijui aliko. Akaketi. Kile kitu kingine usoni mwake kilikuwa furaha, nami nilikuwa nimempa na kumnyang'anya ndani ya dakika mbili, na nitasema wazi kwamba hilo liliniuma kuliko kicheko chote.

Madame Solange akachimbua chini ya karatasi zangu, akatoa nyingine zilizojikunja kwa unyevu, akasoma moja. "Pompe yetu ilikufa. Hii ni mara ya tatu tunaandika. Kama munasoma, mutujibu. Kama hamusomake, mutupatie hii sanduku tutie bunga ya ugali." Akauliza nani aliandika. Mama Ilunga akainua mkono bila kusimama.

Pampu ilikuwa inataka mpira mmoja wa ndani, mdogo kama bangili. Tuliuweka wiki ile ile, na wao walikuwa wamebeba maji kutoka mbali miezi mitano. Kwenye kipimo cha malalamiko tulianguka, tukapewa miezi sita ya kujirekebisha, na Mama Régine aliniacha kazini kwa sharti kwamba sanduku nilifungue kila Ijumaa mbele ya akina mama wenyewe.

Siku pampu ilipotoa maji nilikwenda kumwomba Mama Ilunga msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa, maana alijua gari letu hupita Kakanda. "Ile tatu ulizilalisha," akasema. "Hii, hapana kuilalisha."

Sikumpa dereva. Nilikwenda mwenyewe, nikaulizia siku nzima mpaka nikampata Ilunga, mzima wa afya, amekonda. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema atajibu akipata nafasi. Nikamwambia kaka, hayo maneno nayajua, nimeyatumia miezi saba, nikavuta gunia nikakaa, na sikuondoka hapo mpaka alipomaliza kuandika.