Nilitumwa India kumchunga mzee asinywe pombe, yaliyonikuta kwenye ziwa la Kerala

Wakuu, salamu kutoka Durban. Leo sitii chumvi, maana aliyechekwa ni mimi mwenyewe, na sina sababu ya kujitungia aibu.

Mimi ni Mkongo wa Uvira, fundi wa simu hapa South Beach. Nimekulia kando ya Ziwa Tanganyika, kwa hiyo mambo ya maji na pombe nilijihesabu professeur.

Uncle Perumal ni mteja wangu, Mhindi wa Isipingo, miaka sabini na nne. (Wazee wa Kihindi hapa tunawaita Uncle, hata kama hakuna undugu.) Babu yake aliletwa huku Natal kukata miwa, na Uncle alitaka kukiona kijiji cha babu kabla hajafa. Binti yake Devi, anayekaa Morningside, alibanwa na kazi, akanilipia tiketi nimsindikize.

Sharti lilikuwa moja.

"Baba iko na dawa za presha. Pombe isiguse mdomo wake."

"Sharp, dada. Hiyo kazi ndogo."

Eish.

Kijiji kiko kusini mwa India, ukingoni mwa ziwa kubwa. Letu la Tanganyika lina hasira, lao limetulia. Mtu anaosha sufuria mlangoni kwake na bata wanapita. Dukani wanakwenda kwa mtumbwi.

Kwanza, maji. Nilipewa maji ya pinki, tena ya moto! Kumbe wanayachemsha na vipande vya mti fulani. Jagi ni moja kwa watu wote, na hakuna anayeweka mdomo. Unainua kichwa, unamimina kutoka juu.

Nilijaribu. Yaliingia puani. Mama wa nyumba alicheka mpaka akashika ukuta. Toka siku ile, kila mlo nilikuta taulo pembeni ya sahani yangu.

Halafu pombe. Nyumbani hauioni. Kwetu Uvira chupa tupu zinabaki mezani ili kila mtu ajue umekunywa. Kule wanaume wanavuka maji hadi kibanda cha pombe ya mnazi, wanakunywa nyuma ya pazia kama watu waliokuja kuungama, wanarudi wakitafuna iliki.

Na wake zao wote wanajua.

Siku ya nne, alasiri, Uncle akapotea. Na mwenyeji wetu Rajan hayupo. Nikajua wako wapi.

Nikaazima mtumbwi. Mimi mtoto wa ziwa, nitashindwa? Wakuu, mitumbwi yao ni myembamba. Ulizunguka palepale, mimi napiga kasia, jasho linatoka, maji yanaingia. Mama mmoja alikuwa akiokota kome, maji yamemfika kifuani. Alinitazama, akatikisa kichwa, akaukamata mtumbwi na kuusukuma hadi ng'ambo, mimi nimekaa ndani kama gunia.

Kibandani nikamkuta Uncle na Rajan, na mezani muhogo na samaki wa pilipili. Muhogo, bandugu! Nusura nilie. Lakini mbele ya Uncle palikuwa na glasi.

"Uncle! Umekunywa?"

"Funda moja tu." Uso ulikuwa umemshuka. "Ni chachu. Babu alituambia ni tamu kuliko maji ya miwa. Nimetoka Durban kuja kunywa siki."

Nikamnyang'anya glasi. Palepale simu yangu ikalia, video call, nikaipokea bila kufikiri. Devi akaniona mimi, glasi mkononi, shati limelowa.

"Wewe ndiye niliyekutuma?"

Ningeweza kumgeuzia kamera baba yake. Lakini mzee alikuwa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyefeli.

"Samahani, dada," nikasema. "Ni mimi."

Akakata.

Rajan, anayejua Kiingereza kidogo, ndipo akasema, "Ya alasiri imeshachacha. Ile tamu ni ya asubuhi, ikishuka tu mtini. Hiyo haijawa pombe bado."

Sasa mbona hukusema mapema, baba?

Kesho yake asubuhi tulimsubiri mgema chini ya mnazi. Uncle akainua kichwa, akamimina kutoka juu, hakumwaga hata tone. Halafu akakaa chini, akaangalia maji muda mrefu. Alipoomba ya pili nikamkatalia, akanitukana kwa Kizulu.

Durban, Devi alitungoja uwanja wa ndege, amenuna. Kabla hajanianza, Uncle akamwambia yote mwenyewe. Nikangoja kelele. Dada wa watu akamshika mkono.

"Baba, ilikuwa na ladha gani?"

Waliongea njia nzima hadi Isipingo. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na mabegi, na hakuna aliyekumbuka kuniuliza safari ilikuwaje.

Nilichojifunza: ukitumwa kumchunga mtu mzima, muulize kwanza anatafuta nini. Mimi nilichunga mdomo wake siku nne nzima, masikio yangu yamelala.

Haya, watu wa maziwa na nyinyi mliowahi kunywa ugenini, nanyi mlichekwa wapi? Semeni, nisibaki peke yangu hapa.