Miguu ya Alhamisi Kuu

Mtu anayefanya kazi bila kuuliza atapata nini, mimi humtazama mara mbili. Si ubaya, ni biashara. Nimeuza chumvi na samaki wakavu kutoka Lindi hadi Kitomanga, na sijakutana na mtu anayebeba mzigo wa wengine huku anatabasamu asiwe na lake.

Ndiyo maana sikumwamini mzee wa ufagio.

Alikuwa Mmakonde kama mimi, aliyeteremka pwani zamani kufuata kazi za mkonge. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, sisi Wakristo wachache tulipewa kiwanja nyuma ya ghala, tukajenga kanisa la udongo na makuti. Ufunguo akashika yeye. Hakuchaguliwa, hakulipwa. Alifagia, alichota maji bondeni, alifukuza mbuzi. Mimi nilikuwa kwenye halmashauri ya kigango, nikachunguza. Mishumaa niliihesabu, nikarudia. Ilikuwa kamili. Hapo ndipo wasiwasi ulipozidi.

Mwaka mmoja mwenyekiti wetu wa kigango alitaka kazi ile apewe shemeji yake, kijana aliyemaliza darasa la saba. Kumwondoa mzee hivi hivi aliona aibu. Akabuni heshima: mzee akae kwenye benchi la wanaume kumi na wawili ambao padre huwaosha miguu Alhamisi Kuu.

"Akishakaa benchi tunamshukuru, tunampigia makofi, anapumzika," aliniambia.

"Na mimi napata nini?"

"Wewe bwana, hata kanisani?"

"Hasa kanisani."

Nikakubali, kwani na mimi nilikuwa nimepangwa benchi.

Lazima nieleze tulivyokuwa tunaoshwa. Kwetu hakuna mwanamume aliyekubali padre aone ukoko wa miguu yake. Ukichaguliwa, tangu Jumatano unasugua visigino kwa kumbi la nazi, na sabuni, ambayo kwenye duka la ushirika ilikuwa ya foleni, yote inaishia miguuni. Padre alitoka Lindi kuja kuosha miguu iliyokwisha oshwa. Maji ya beseni yalitoka kama yalivyoingia. Jirani yangu Mwislamu alikuwa akinicheka: "Sisi tunajiosha wenyewe, mara tano kwa siku, wala hatumsumbui mtu kutoka Lindi."

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu asubuhi. Tumekaa benchi, miguu inang'aa kama ya maharusi. Mzee akaingia wa mwisho, peku, matope mpaka karibu na magoti. Akakaa.

Padre alipomfikia, maji yakageuka uji wa ulezi. Alimwosha mguu mmoja, akaomba maji mengine. Kijana aliyeshika beseni akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akanitazama mimi, mimi nikatazama makuti. Hakuna aliyejua maji yanakaa wapi. Mzee akainuka, akachukua beseni, akatoka nalo mvuani, akarudi na maji safi. Mguu uliokwisha oshwa ukarudi na matope mapya. Padre akaanza upya.

Nikasema moyoni, huyu amepanga.

Misa ilipokwisha makofi yakapigwa kama ilivyokusudiwa. Mwenyekiti akaomba ufunguo, na mzee akaufungua kwenye fundo la shuka papo hapo. Nani hutoa kitu bila kuvuta kidogo? Nikamfuata nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Yale matope uliyaleta makusudi."

"Nilikuwa bondeni nachota maji ya beseni. Hamkumtuma mtu."

"Si ungenawa huko huko kisimani?"

"Padre alisema anakuja kuosha miguu," akajibu. "Sikujua anataka iliyooshwa."

Hakucheka. Nilimtafuta machoni, sikupata pa kushika.

Alfajiri ya Ijumaa Kuu yule shemeji wa mwenyekiti, aliyekabidhiwa ufunguo, akasikia hodi. "Mwanangu, naomba unifungulie nifagie." Jumamosi hodi. Wiki iliyofuata hodi. Mzee hakulalamika wala kumsema mtu. Alibisha taratibu, akangoja barazani na ndoo yake. Mwenyekiti akamsihi apumzike.

"Nimepumzika, mwenyekiti," alisema. "Siku hizi nalala mapema."

Kijana alikuwa mpenda usingizi. Pentekoste haijafika, akaenda mwenyewe nyumbani kwa mzee, akamrudishia ufunguo na kumwomba asije tena kubisha. Mwenyekiti akatangaza mbele ya halmashauri kwamba mzee ni mnyenyekevu wa kweli. Mimi nikasema ametushinda ujanja wote tuliokaa pale. Hatukuafikiana.

Jumapili moja niliwahi kanisani, nimchunguze kwa jicho langu. Nikamkuta ameinama na ufagio, sakafu ya udongo inafuka vumbi. Akaniambia nishike ndoo, ninyunyize mbele yake.

"Kwa malipo gani?" nikauliza.

"Nyunyiza kidogo kidogo," akasema. "Ukimwaga, watateleza."