Herufi Iliyomfunga Mdomo

Mdogo wangu alipelekwa chuoni kusoma Kurani kabla ulimi wake haujakomaa. Alikuwa hajatimiza miaka minne, bado akisema "lamadhani" na "bilauli", nasi nyumbani tukimchokoza ayarudie ili tucheke naye. Lakini baba alitaka mwanawe wa kwanza wa kiume aanze mapema, na mwalimu alikuwa binamu yake mkubwa, jirani yetu pale Dunda, Bagamoyo. Mimi, dada mtu, niliyekuwa nikisoma pale pale, nikapewa kazi ya kumshika mkono njiani.

Alifu, be, te zilikwenda vizuri. Alipofika kwenye re akasema "le". Mwalimu akamrudisha, naye akasema tena "le". Hakuwa mtu mbaya yule mwalimu. Alidhani ni ukaidi, na dawa ya ukaidi enzi hizo za Mwingereza ilikuwa fimbo ya henzerani. Kila asubuhi ikawa herufi ile ile, na wenzetu wakazoea kuingoja wapate kucheka. Siku moja mdogo wangu alifunga midomo. Akapigwa, hakulia wala hakutamka kitu. Nilirudi naye nyumbani kikoi chake kimelowa mkojo.

Tangu hapo hakusema hata na sisi. Akitaka maji alinivuta kanga. Mama alingoja baba amalize kula, akamwambia kwamba mtoto haendi tena. Baba akamuuliza yeye atamtazamaje usoni nduguye, yule mwalimu.

"Mtoto hajamaliza kujifunza kusema kwangu," mama akajibu, "nanyi mnataka asome."

Baba alihamia kwa mama yake siku kadhaa. Mama hakumfuata. Alimwacha mtoto achezee vifuu na udongo uani pamoja nasi wasichana, akatukataza kumlazimisha kusema. Niliogopa kwamba amekuwa bubu. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza alipomwambia mwenzetu mmoja, taratibu, kwamba uji wake wa udongo umeungua. Mama alikuwa akichuja tui. Aliinama akaendelea kuchuja, machozi yakimdondoka.

Mdogo wangu alirudi chuoni meno ya utoto yalipoanza kung'oka, na re akaitamka siku ya kwanza. Wadogo zetu waliofuata nao walingojewa mpaka umri huo, ingawa baba hakusema kwa nini.

Lakini mbele za watu mdogo wangu hakusoma kwa sauti maisha yake yote. Baba alipofariki, kwenye hitima yake wanaume waligawana juzuu za kusoma. Nikiwa uani nilimwona ameketi nyuma ya mlango na juzuu yake, midomo ikicheza, na sauti haitoki.